Ana wafuasi laki tatu na skoa ya 87, nimlipe?

Dada mmoja anayeuza vitenge na gomesi, yale magauni marefu ya heshima ya wanawake wa Uganda, pale Jinja ameniandikia hivi: kuna kijana mchekeshaji wa mtandaoni, ana wafuasi laki tatu na ushee, anataka shilingi 1,500,000 kwa video moja na posti mbili. Dada alipolalamika kwamba bei imezidi, kijana akamtumia skrinshoti mbili, moja ya tovuti inayompa skoa ya 87 kati ya 100, nyingine ya orodha inayosema yeye ni wa 23 kwa ushawishi Uganda nzima. Sasa dada anauliza, hizo namba ni za kweli? Na kama ni za kweli, amlipe?

Asante nnyabo kwa kuuliza mapema, manake wengi hunitafuta pesa ikiwa imeshakwenda na kilichobaki ni hasira. Kazi yangu ni kupima matangazo ya mtandaoni hapa Kampala, naifanya kwa miaka sasa, na swali lako ndo swali ninaloulizwa kuliko yote. Jibu langu ni kwamba usimlipe kwa sababu ya hizo namba. Sijasema usimlipe kabisa, hapo tutafika, nasema tu kwamba 87 haikuambii chochote kuhusu vitenge vyako, na huo u-wa-23 ndo haukuambii hata kidogo.

Tuanze na hiyo 87. Themanini na saba ya nini? Wewe ukimkatia mteja kitenge yadi sita, akienda kwa fundi wake Iganga akapima tena atakuta ni yadi sita zilezile. Skoa ya ushawishi haiko hivo. Kila tovuti inaokota vitu vyake, wafuasi, laiki, komenti, wanaoshea, mtu anaposti mara ngapi kwa wiki, inavichanganya kwa mizani yake ambayo haikuoneshi, alafu inakutolea namba moja. Mpeleke kijana huyohuyo kwenye tovuti nyingine leo mchana unaweza kupewa 52, na zote mbili zitakuwa hazijadanganya, kwa sababu hakuna mahali watu walikaa wakakubaliana ushawishi unaanzia wapi na unaishia wapi.

Na hili lilishajaribiwa na watu wenye hela nyingi. Huko Marekani jamaa anaitwa Joe Fernandez alifanyiwa upasuaji wa taya, mdomo ukafungwa kwa waya, akawa anaongea na watu kwa mtandao tu, ndo akaanza kujiuliza maneno yake yanafika kwa nani na yanafanya nini. Mwaka 2008 akaanzisha Klout, kila mtu anapewa namba kuanzia 1 mpaka 100. Justin Bieber akapata 100 kamili huku Barack Obama, rais aliyekuwa madarakani wakati huo, yuko chini yake. Watu walicheka, lakini wengine namba ile iliwagusa maisha. Mwaka 2011 kuna mshauri wa masoko mwenye uzoefu wa miaka 15 alienda kwenye usaili wa kazi Toronto, akaulizwa skoa yake ni ngapi, hakujua, wakaifungua palepale ikasoma 34, na kazi akapewa mwenye 67. Alivyotoka pale akaanza kuifukuza skoa mpaka ikafika 72. Sasa niambie, huyo mtu alikuwa ameongeza ujuzi gani wa masoko? Alichoongeza ni kuposti.

Ikaendelea hivo. Mwaka 2012 Cathay Pacific ikawa inaruhusu wenye skoa ya 40 na kwenda juu kuingia kwenye sebule yake ya abiria pale uwanja wa ndege wa San Francisco. Lakini kabla ya hapo, Oktoba 2011, Klout walibadilisha hesabu zao na watu wengi wakaamka skoa zimeporomoka, kelele zikawa nyingi, na 2012 wakabadilisha tena ndo Obama akampita Bieber. Hapo ndo pa kusimama tuangalie vizuri. Obama hakufanya kitu chochote usiku ule, na Bieber hakupoteza shabiki hata mmoja, kilichobadilika ni mizani. Kampuni ya Lithium Technologies ikainunua Klout mwaka 2014 kwa kiasi cha dola milioni 200 hivi, na tarehe 25 Mei 2018 ikafungwa. Kwa hiyo mtu akikuletea skoa ya 87 leo kama ni uvumbuzi mpya, jua wenzake walishapita njia hiyo wakiwa na mtaji mkubwa zaidi.

Kwani ugumu uko wapi? Uko kwenye kuhesabu kinachoonekana badala ya kinachotokea. Mwaka 2010 Meeyoung Cha na wenzake walichukua akaunti zaidi ya milioni 54 za Twitter ya wakati ule wakazipanga kwa njia tatu, nani ana wafuasi wengi, nani posti zake zinasambazwa zaidi na wengine, nani anatajwa zaidi. Ungetegemea orodha tatu zifanane, lakini walio juu kwa wafuasi hawakuwa lazima ndo walio juu kwa kusambazwa au kutajwa. Na wakaona kitu kingine ambacho kwako wewe ni dhahabu, kwamba mtu wa kawaida anaweza kujenga ushawishi akishikilia mada moja tu. Kijana wako anachekesha. Wafuasi wake walimfuata wacheke, na siku akisimama na kitenge mkononi wale laki tatu hawageuki ghafla kuwa wanunuzi wa kitenge. Lakini kuna fundi fulani wa gomesi hapo hapo Jinja mwenye wafuasi elfu nne wanaomfuata kwa sababu ya nguo tu, na huyo kwenye orodha ya Uganda nzima hatatokea hata ukiisoma mpaka chini kabisa.

Mwaka uliofuata, 2011, Eytan Bakshy na wenzake waliangalia watumiaji milioni 1.6 wa Twitter hiyohiyo na mara milioni 74 ambapo kiungo kilianza kusambaa, wakitaka kujua kama unaweza kutabiri nani atasambaza sana. Wakubwa kwa wastani walisambaza zaidi, sawa, hilo halipingiki, ila kumtaja mtu mmoja mapema ukasema huyu kesho atalipua, hapo utabiri ulikuwa dhaifu. Alafu walipoingiza gharama kwenye hesabu ikaonekana kwamba katika hali nyingi pesa yako inafanya kazi zaidi ukiwagawia watu wengi wa kawaida kuliko kumpa mkubwa mmoja. Mimi tangu nisome hilo nimeacha kabisa kumshauri mfanyabiashara mdogo aweke bajeti yake yote kwa mtu mmoja.

Wafuasi wa kununua sitakaa sana hapo, unajua wapo. Instagram ilipofagia akaunti feki Desemba 2014, Bieber peke yake alipoteza wafuasi mamilioni kwa mkupuo. Mwaka 2018 gazeti la New York Times lilianika kampuni ya Devumi iliyokuwa na akaunti za roboti zisizopungua milioni 3.5, kila moja ikiuzwa kwa wateja wengi tofauti. Kwa hiyo wafuasi hununuliwa kama nyanya, na wanunuzi wengine ni watu mashuhuri kabisa.

Ila hata wafuasi wakiwa wa kweli, angalia neno "kutazamwa". Kijana atakwambia video ilitazamwa mara laki moja. Kwenye TikTok hesabu inaanza video inapoanza tu kucheza, kwa hiyo mtu anayepitisha kidole akielekea video nyingine ameshahesabiwa kwako. Facebook kwa miaka mingi walikuwa wanahesabu ukifika sekunde 3. Na Facebook haohao mwaka 2016 walikiri kwamba kwa miaka kama miwili walikuwa wanawaonesha watangazaji wastani wa muda wa kutazama uliozidi ukweli, manake waliokuwa wanaondoka kabla ya sekunde 3 walikuwa hawaingizwi kwenye hesabu ya wastani. Hao ndo wenye mtambo! Sasa tovuti ya mtu wa nje inayokisia kutoka nje itakuwaje? Na hata kule kuchungulia kumezidi kuwa kugumu, zana ya Meta iliyokuwa inaitwa CrowdTangle, tuliyokuwa tunaitumia kufuatilia posti zinavyosambaa, ilifungwa Agosti 2024.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu Uganda ina matatizo yake ambayo hizo tovuti hazijui kabisa. Facebook hapa imezuiwa tangu Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, na anayeingia anaingia kwa VPN, ile programu ya kuficha uko wapi. Hata kabla ya hapo, Julai 2018 ilipoletwa ile kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, OTT, ya shilingi 200 kwa siku, watu walijaa kwenye VPN kuikwepa mpaka ilipoondolewa 2021. Maana yake nini kwa kipimo? Zana nyingi zinakisia mtu yuko wapi kwa anwani yake ya intaneti, na VPN inaibadilisha hiyo anwani, kwa hiyo mama aliyeketi Walukuba hapo Jinja anaonekana yuko Uholanzi. Ukiona nusu ya wafuasi wa mtu wako Ulaya huwezi kujua mara moja kama ni Waganda wenye VPN au ni roboti au ni Wazungu kweli. Na mjanja anakitumia hicho kisingizio, ukimuuliza mbona wafuasi wako wako Brazil anakujibu "ni VPN hiyo bosi". Mimi huwa nafungua komenti. Nasoma hamsini za kwanza kwenye posti tatu tofauti, naangalia wanaandika kwa lugha gani, kama kuna anayetaja Njeru au Bugembe au kuuliza bei, kama wanajuana, kama wanajibu kilichosemwa kwenye video au ni moto, moto, moyo, "poa sana" mstari mzima. VPN inabadilisha anwani tu, kwenye komenti mtu bado anaandika kama mtu wa Jinja.

Pia kuna wenye wafuasi wa kweli kabisa lakini hawako kwetu. Watoto wacheza dansi wa Masaka Kids Africana wanaangaliwa dunia nzima, wenzao wa Ghetto Kids walifika jukwaa la Britain's Got Talent, shindano la vipaji la Uingereza, 2023, ni fahari yetu wote, wana ushawishi mkubwa na mimi nawapenda. Lakini anayewaangalia akiwa São Paulo hatapanda taksi kuja kununua kitenge Jinja.

Alafu lugha. Zana nyingi zinajidai kupima kama watu wanakusema vizuri au vibaya. Zilifundishwa kwa Kiingereza. Mteja wako akiandika "dada umeua!", "hii ni hatari sana", "huyu ni noma", wewe unajua umesifiwa mpaka unatamani kulia, ila mashine inasoma kuua na hatari inakuwekea alama ya chuki. Changanya hapo Kiswahili, Luganda, Lusoga na Kiingereza kwenye sentensi moja, kama tunavyoandika sisi kila siku, mashine inapotea njia kabisa.

Kikubwa kuliko vyote ni kwamba ushawishi mwingi wa hapa haupo mahali pa wazi. Uko WhatsApp. Uko kwenye magrupu ya SACCO za akiba na mikopo, ya kanisa, ya msikiti, ya wazazi wa darasa, kwenye status za watu. Hakuna orodha inayoweza kuingia humo kuhesabu, na vizuri tu isiingie.

Nikupe kitu nilichokiona kwa macho. Kuna mfanyabiashara wa mashuka na mapazia pale Kikuubo, soko la jumla katikati ya Kampala, alimlipa mtu mwenye jina kubwa, na mimi nikaitwa kupima. Dashibodi ilikuwa inapendeza, mistari inapanda tu. Nikamwomba mzee anipe kiti, nikakaa pale barazani siku sita na daftari la mraba, wapagazi wananipita na mizigo kichwani wanapiga kelele "fasi! fasi!", na kila aliyenunua namuuliza jambo moja tu, umesikia wapi habari za duka hili. Wengi walisema wanapita tu, au wamezoea. Wanne wakamtaja yule mtu maarufu. Siku ya tatu wakaja wanawake wawili, kesho yake watatu, wote kutoka upande wa Bwaise, na mmoja akatoa simu akanionesha picha ya pazia la rangi ya kahawa limetundikwa dirishani, picha imepigwa vibaya, kona inaonekana kiti cha plastiki na pasi ya nywele. Ilikuwa status ya mwenye saluni wao. Hakulipwa hata mia, alinunua pazia lake akalipenda akaposti, wateja wanaosukwa wakamuuliza. Mpaka Jumamosi waliokuja kwa sababu ya saluni ile walikuwa kumi na mmoja, na wengi walibeba mapazia ya nyumba nzima. Huyo mama hakuna tovuti inayomjua. Na lazima niseme daftari langu nalo lina upungufu wake, mtu hukumbuka alichokiona mwisho, pengine wengine waliona kwanza kwa yule maarufu wakaamini walipoona kwa msusi wao, ndo maana sikumwambia mzee kwamba pesa yake yote ilipotea. Nilimwambia ampelekee yule mama zawadi, na akampelekea.

Hapo tunafika kwenye kiini chenyewe cha ugumu. Ushawishi ni kumfanya mtu afanye kitu ambacho bila wewe asingefanya. Huo upande wa "bila wewe" hauonekani. Mwaka 2009 Sinan Aral na wenzake walifuatilia huduma moja ya simu ya Yahoo ilivyosambaa kati ya marafiki, kwenye mtandao wa watu milioni 27, ikaonekana kama watu wanaambukizana. Walipochambua vizuri, zaidi ya nusu ya kilichoonekana ni kuambukizana kilikuwa tu marafiki wanafanana, wangeichukua hata bila kuambiwa. Wewe mwenyewe unalijua hili kwa biashara. Kijana akiposti wiki ya kuelekea Idd au Krismasi, utauza. Ungeuza hata angeposti picha ya ng'ombe.

Hata kwenye mambo makubwa ni hivo. Unakumbuka Aprili 2023, Jimmy Spire Ssentongo, yule mchoraji katuni na mhadhiri, alipoanzisha #KampalaPotholeExhibition, watu wakamwaga picha za mashimo ya barabara, na ndani ya siku chache Rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kwa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, zikazibe. Mimi nasema huo ndo ushawishi, pesa ilitembea. Lakini mkaidi anaweza kuniuliza, mbona mkutano wa nchi zisizofungamana ulikuwa unakuja Munyonyo Januari 2024, barabara zisingetengenezwa tu? Na pia ushawishi ulikuwa wa nani, wake au wa maelfu waliopiga picha wakiwa matopeni? Ukimpa yeye namba moja kwenye orodha umewafuta hao wote, na hiyo orodha mimi siwezi kuitetea.

Kale, turudi kwa kijana wako, kwa sababu pengine anafaa. Muombe mkutane ana kwa ana, afungue simu yake mbele yako akuoneshe takwimu za akaunti moja kwa moja, sio skrinshoti, skrinshoti inahaririwa kwa dakika mbili. Muulize miji. Muulize wanawake ni wangapi, kwa sababu mnunuzi wako ni mwanamke, na usione aibu kumuuliza lugha, wake wa wanajeshi pale barakisi wanaokuja dukani kwako wananunua kwa Kiswahili, je yeye huwa anaongea Kiswahili kwenye video? Mwombe majina ya wafanyabiashara wawili aliowatangazia ukawapigie mwenyewe. Kijana mkweli hatakasirika, vijana wengi wa kazi hii wanafanya kazi kwa bidii na wananyonywa pia, wanastahili kulipwa vizuri wakileta kitu.

Alafu usimpe milioni moja na nusu. Anza na video moja, kwa bei ya video moja, na usiifanye kabla ya sikukuu, chagua wiki ya kawaida isiyo na kitu. Chukua vitenge viwili ambavyo dukani kwako vinauzika sawasawa, wewe unavijua, hiyo mitindo miwili ambayo kila mwezi inakwenda bega kwa bega. Hesabu umeuza ngapi ya kila mmoja kwa wiki mbili kabla. Mpe kijana mmoja tu avae au amvalishe mtu, wa pili asiutaje wala usionekane. Hesabu tena wiki mbili baada. Kama mvua itanyesha inanyesha kwa vyote viwili, kama mishahara imechelewa imechelewa kwa vyote viwili, kwa hiyo ule ulioonekana ukiupita ule uliofichwa, tofauti hiyo sehemu kubwa ni ya kijana. Sio kipimo kamili, kuna atakayekuja kwa ajili ya mmoja akaondoka na mwingine, hao waandike pembeni. Lakini kitakuwa kipimo chako, cha duka lako, na ukizidisha hiyo tofauti kwa faida unayopata kwa kila kitenge utaona mwenyewe kama inazidi alicholipwa.

Na wiki hiyohiyo mpe yule fundi wa gomesi kitambaa cha tatu ashone nguo yake mwenyewe, aposti akipenda.

Daftari likijaa nipigie picha kurasa zote unitumie, hata kama mwandiko umekwenda upande, tutazihesabu pamoja.